Optimus Prime Hakustahili Kufa
Wiki hii nimemshika tena Optimus Prime, kichezeo cha 1984: kichwa cha lori chekundu, ukikikunjua kinasimama kama roboti. Ngumi zake ni za kuchomeka, ndiyo maana hupotea upesi. Umbo lake lilitoka kampuni ya Takara ya Japani. Hasbro ya Marekani ikamuuza kwa jina na hadithi mpya. Usiku nikaitazama filamu yake ya 1986, na bado inaniuma. Watengenezaji walimuua shujaa huyu ili kupisha roboti wapya madukani, watoto wakaangua kilio ndani ya sinema. Mwaka uliofuata wakamfufua kwenye runinga, tena baada ya kulalamikiwa. Kama una mtoto mdogo, itazameni filamu hiyo pamoja, na ikifika sehemu ya kifo chake usimwache mtoto peke yake.