Marekani na Wamexico: Mpaka ndio uliohama

KILA mjadala kuhusu wahamiaji unapozuka nchini Marekani, Wamexico husemwa kana kwamba walibisha hodi jana. Historia inasimulia mengine.

Mnamo Februari 2, 1848, Mexico iliyokuwa imeshindwa vitani ilitia saini mkataba wa Guadalupe Hidalgo na kuikabidhi Marekani karibu nusu ya ardhi yake, ikiwemo California, kwa dola milioni 15. Familia zilizoishi huko hazikufunga virago. Mpaka ndio uliohama, zikajikuta upande wa pili. Mkataba uliahidi kuheshimu mali yao, lakini sheria ya mwaka 1851 ikawalazimu wenye mashamba California kuthibitisha umiliki wao mbele ya tume. Kesi zilikokotwa miaka na mikaka, hata baadhi ya walioshinda wakauza mashamba ili kuwalipa mawakili. Ushindi gani huo?

Tangu hapo Mmexico huitwa anapohitajika na kutimuliwa hali inapobadilika. Uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930, mamia ya maelfu walirejeshwa Mexico, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani na waliokuwa raia kamili. Jimbo la California liliomba radhi mwaka 2005, wengi wao wakiwa wamekwisha kufariki.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopunguza vibarua mashambani, serikali iliyowafukuza ikaanza kuwaandikisha. Mpango wa 'bracero' wa 1942 hadi 1964 ulitoa zaidi ya kandarasi milioni nne. Ajabu ni kwamba mwaka 1954, mpango huo ukiendelea, serikali hiyo hiyo iliendesha msako mkubwa wa kuwafurusha wasio na vibali.

Kiini cha mzozo wa leo kimo katika kilichofuata. Mpango ulifutwa, kisha sheria ya 1965 ikawawekea kikomo, kwa mara ya kwanza, wahamiaji kutoka nchi jirani za Amerika. Mashamba hayakuacha kuhitaji vibarua, hivyo waliozoea kuvuka kwa kandarasi waliendelea kuvuka bila karatasi. Mnamo 1986 Rais Ronald Reagan aliidhinisha sheria iliyohalalisha ukaazi wa takriban watu milioni 2.7. Bunge la Congress halijapitisha msamaha mwingine wa kiwango hicho.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 62.1 wenye asili ya Kilatino, karibu mmoja katika kila Wamarekani watano. Na misako iliyozua maandamano Juni 2025 ilifanyika Los Angeles, mji ulioanzishwa chini ya utawala wa Uhispania mwaka 1781, miaka 67 kabla ya mkataba ule.