Kipodozi kipya kianzie mkononi, si usoni

Mzigo wa Marekani ukifunguliwa sebuleni, siku hizi kinachogombewa si viatu wala chokoleti. Ni kile kiboksi kidogo cha vipodozi vya kujaribu: kitube cha seramu kinachoenea kwenye kiganja, kipakiti cha krimu ya usiku, maskara fupi kama kidole cha mtoto, rangi ya mdomo na kitu cha kusugulia uso. Mama mdogo aliyeko Texas analipia boksi hilo kila mwezi, asivyovitumia anaviweka pembeni, na Desemba vinashuka Dar es Salaam vikiwa vimechomekwa katikati ya nguo za watoto.

Saa mbili baadaye binti wa miaka 14 amejifungia chumbani na kupaka vyote vitano kwa mpigo. Usiku picha zinapendeza. Kesho yake mashavu yanawasha, na siku ya tatu yametoka vipele vidogo vidogo. Mama anauliza swali ambalo mama yeyote angeuliza, "Ulipaka nini, mwanangu?" Swali hilo halina jibu la kusaidia, kwa sababu alipaka kila kitu.

Biashara ya maboksi haya ilipata umaarufu kuanzia mwaka 2010, Hayley Barna na Katia Beauchamp, waliokutana wakisomea biashara Chuo Kikuu cha Harvard, walipoanzisha Birchbox jijini New York. Mteja alilipa dola 10 kwa mwezi na kuletewa sampuli chache nyumbani. Wazo lilikuwa rahisi: jaribu kidogo, ukipenda nunua kopo zima. Hapa kwetu wengi hawalipii boksi la mwezi, lakini sampuli zinatufikia kwa njia nyingine. Ndugu wanatuma, wauzaji wa mtandaoni wanatia kipakiti cha zawadi kwenye mzigo, na dukani Kariakoo dada wa kaunta yuko tayari kukupaka testa kabla hujasema unataka nini.

Kwa mfuko wa mzazi ni wazo zuri. Kwa ngozi, inategemea mtu anataka kujua nini.

Kipakiti hakiwezi kukuambia kama dawa inafanya kazi

Krimu inayoahidi kufifisha madoa au kupunguza chunusi huhitaji wiki nyingi, mara nyingi miezi miwili au mitatu, ndipo mabadiliko yaonekane. Kipakiti cha mililita mbili kinaisha kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo anayesema "hii imenikubali" baada ya kupaka mara mbili anasifia harufu, ulaini na mng'aro wa mafuta. Si vibaya, lakini asidhani amepima kitu.

Kitu kimoja ambacho sampuli inaweza kukuambia ni kama kipodozi hicho kitakudhuru. Hilo ndilo la kutafuta ndani ya kile kipakiti, na wengi hawalitafuti.

Ngozi hudhurika kwa namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakowaponza wengi. Ya kwanza ni muwasho wa moja kwa moja. Kipodozi ni kikali, kinachoma, na mtu anajua ndani ya dakika au saa chache. Ya pili ni mzio, au aleji kama wengi wanavyoita. Huu ni kazi ya kinga ya mwili. Mara za kwanza kinga inajifunza tu kukitambua kitu hicho na hakuna kinachoonekana. Ikishakijua, mguso unaofuata unaleta mwasho na vipele, tena mara nyingi si hapo hapo bali siku moja hadi tatu baadaye. Ndiyo maana "mbona jana nilipaka na sikupata kitu?" si ushahidi. Jana huenda ngozi ilikuwa bado inasoma.

Vinavyoongoza kuleta mzio wala si vitu vya ajabu. Manukato yamo kwenye orodha hiyo, nayo kwenye lebo huandikwa parfum. Vihifadhi vimo pia. Kimoja kiitwacho methylisothiazolinone kilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyopakwa na kuachwa bila kuoshwa. Kingine ni PPD, kiungo cha rangi nyeusi ya nywele, na hapa wazazi wa Pwani wasikilize: ndicho kinachopatikana kwenye piko. Mtoto akichorwa piko ya Idi na ngozi yake ikazoea vibaya, anaweza kupata shida kubwa zaidi miaka kadhaa baadaye siku atakapopaka rangi nywele zake. Hina halisi haiwi nyeusi tii. Ni ya kahawia au nyekundu.

Duara moja la shilingi

Jinsi ya kujaribu si siri. Chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani kinashauri kipodozi kipya kipakwe mara mbili kwa siku kwenye sehemu ndogo ya ngozi, duara la ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa mkono au kwenye kunjo la kiwiko, kwa siku 7 hadi 10. Kipakwe kwa unene uleule ambao mtu angepaka usoni. Kama ni cha kuosha, kikae dakika tano au muda ulioandikwa kwenye maelezo. Siku zikipita bila mwasho, vipele wala uvimbe, kinaruhusiwa kupanda usoni.

Utamu wake ni kwamba kipakiti kilichokuwa kidogo mno kwa uso kinatosha kabisa kwa duara hilo wiki nzima. Kikishafunguliwa kihamishiwe kwenye kikopo kisafi chenye kifuniko na kiwekwe mbali na jua. Kukiacha wazi dirishani ni kukaribisha bakteria.

Na kipimwe kimoja kwa wakati. Boksi lenye vitu vitano ni kazi ya mwezi na zaidi, jambo ambalo binti wa miaka 14 atalisikiliza huku amenuna. Njia ya kati ipo. Seramu ikipimwa kwenye mkono wa kulia, krimu ipimwe kwenye wa kushoto, na tarehe ziandikwe kwenye simu. Kikitokea kitu, inajulikana ni mkono upi.

Maelezo mengi yanayokuja na vipodozi vya Ulaya na Marekani yanamwambia mtumiaji aache akiona ngozi imekuwa nyekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Mzazi aangalie vingine: pana joto kuliko pembeni? Panawasha? Pamekuwa pagumu au pana vipele ukipapasa kwa kidole? Pamekuwa peusi zaidi au pana rangi ya zambarau? Dalili moja kati ya hizo inatosha kukataa kipodozi, hata kama kimetoka duka la fahari la Houston.

Doa linapoita mkorogo

Mtu atasema, vipele vya siku tatu si vitapona tu? Vitapona. Shida ni kinachobaki. Ngozi nyeusi ikipata uvimbe au mwasho huacha doa jeusi, na doa hilo linaweza kukaa miezi mingi baada ya kipele kusahaulika. Binti anaenda shule na mashavu yenye mabaka. Wenzake wanauliza. Kisha anatokea mtu mwenye huruma, jirani, dada wa saluni au muuzaji wa mtandaoni, anamwambia ipo krimu inayoondoa madoa kwa wiki moja.

Hapo ndipo jambo lililoanza na zawadi ya shangazi au mama mdogo linapogeuka. Krimu inayoondoa madoa kwa wiki moja mara nyingi ina kimoja kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, dawa kali za steroidi kama clobetasol, au zebaki. Steroidi ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kweli mwasho unaisha na uso unang'aa siku za mwanzo. Ikiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinajaa, na ukiacha kupaka uso unawaka moto, hivyo unarudi kupaka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu inaweza kuacha weusi wa buluu usiotoka, kinyume kabisa na kilichotafutwa.

Zebaki haibaki kwenye ngozi ya aliyepaka peke yake. Inadhuru figo na neva, inamfikia mtoto aliye tumboni, na inaweza kusambaa nyumbani kupitia taulo, mashuka na mikono inayomnyanyua mtoto mchanga. Chini ya Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika Agosti 2017, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Makubaliano ni jambo moja, rafu ya duka ni jambo jingine. Kwenye lebo zebaki huweza kuandikwa mercury, Hg, calomel au mercuric iodide. Wakati mwingine haiandikwi kabisa, lakini lipo onyo linaloisaliti: maelezo yakisema usiguse kipodozi ukiwa umevaa dhahabu, fedha au vito, kiacheni dukani. Krimu ya kawaida haina ugomvi na pete ya ndoa.

Mkorogo wenyewe, unaochanganywa na kupimwa kwenye makopo yasiyo na jina, hauna hata lebo ya kusoma. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na muuzaji asiyeweza kuonyesha chombo asilia cha anachouza hana cha kumtetea.

Macho, na ngozi ya mtoto

Testa za dukani zinafaa kwa mgongo wa mkono. Rangi ya mdomo iliyopita kwenye midomo ya watu wasiojulikana tangu asubuhi isifike kwenye mdomo wa mtu yeyote. Wanja na maskara ndiyo kabisa, kwa kuwa jicho linaambukizwa upesi. Maskara haiazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja, haiongezwi maji wala mate ikikauka, na ikifika miezi mitatu tangu ifunguliwe itupwe. Kwenye vipodozi vingine itafutwe ile picha ya kikopo kilichofunuliwa yenye namba kama 6M au 12M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua, na sampuli iliyokaa kabatini kwa mama mdogo mwaka mzima ikafunguliwa na kufungwa tena huenda imeshaipita.

Wanja wa watoto unahitaji maneno yake. Baadhi ya wanja wa kienyeji unaouzwa duniani kwa majina ya kohl, kajal na surma umepimwa Marekani ukakutwa na madini ya risasi, wakati mwingine zaidi ya nusu ya uzito wake. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na mtoto hujipangusa macho kisha akaweka kidole mdomoni. Bibi anayesisitiza kumpaka mjukuu wanja wa kutoka asikojua ashukuriwe kwa upendo, na wanja ubaki kabatini.

Kwa binti wa miaka 12 au 14, vipodozi vya kuzuia uzee havina kazi. Retinoli na asidi za kuchubua ngozi zilitengenezwa kwa ngozi ya watu wazima, na asidi kama glycolic huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi zaidi, tena jua lenyewe la Dar au Dodoma saa saba mchana. Sabuni isiyo kali, losheni isiyo na manukato na kinga ya jua vinamtosha. Rangi ya mdomo iliyopita mtihani wa mkono, hiyo ni mazungumzo ya mama na mwanawe. Mama mjamzito naye aiweke retinoli pembeni hadi azungumze na daktari.

Wavulana wasisahauliwe. Losheni ya baada ya kunyoa ni kipodozi, na kidevu kilichonyolewa leo hakina ulinzi wa kutosha.

Kikishatokea

Ngozi ikichachamaa, viachwe vyote, si kile kinachoshukiwa tu. Paoshwe kwa maji ya kawaida bila kusugua. Dawa ya meno, limao, asali na krimu ya jirani visipakwe juu yake. Macho au midomo ikivimba, au kupumua kukiwa kwa shida, iende hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi. Kama ni vipele na mwasho visivyotulia kwa siku chache, aonwe daktari, ikiwezekana wa ngozi.

Na wakati wa kwenda, mabaki ya vile vipakiti yasitupwe. Yatiwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na boksi lake, kwa sababu orodha ya viambato mara nyingi iko kwenye boksi na si kwenye kipakiti. Boksi likiwa limeshatupwa, mama mdogo wa Texas bado ana lake, na picha ya lebo inafika kwa WhatsApp kabla namba ya foleni haijaitwa.