Bustani Si Kimbilio la Waoga

Wako wahakiki ambao, kila waonapo picha ya bustani au shamba iliyochorwa Uingereza kati ya vita viwili vikuu vya dunia, husema upesi kwamba hiyo ni sanaa ya wenye nafasi, watu walioyapa kisogo matatizo ya wakati wao. Hoja hiyo ni nyepesi, na mwalimu anayewarithisha wanafunzi wake huwafunza kuhukumu kabla ya kutazama.

Na tutazame. Mwezi Desemba 1917, huko Ufaransa, John Nash alikuwa miongoni mwa askari 80 waliotoka handakini kushambulia. Katika dakika chache, 68 kati yao walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Mwaka 1918 serikali ilimwajiri achore vita. Mchana alichora shambulio lile; jioni, baada ya saa kumi na mbili, katika banda lile lile, alichora shamba la ngano iliyovunwa, miganda imesimama katika mwanga wa jua linalokuchwa. Je, huyu alikimbia? Aliyeiona ardhi ikifukuliwa kwa mizinga ndiye aijuaye thamani ya ardhi inayozaa.

Stanley Spencer naye, aliyetumikia jeshi Masedonia, alichora kati ya 1924 na 1927 wafu wakifufuka katika uwanja wa kanisa wa kijiji chake, Cookham, makaburi yakizungukwa na maua. Katika nchi iliyopoteza askari zaidi ya 700,000, bustani na makaburi vilikuwa majirani.

Hatukatai kwamba soko lilikuwa na nguvu. Katika miaka ya 1930 Spencer mwenyewe alinung'unika kwamba wanunuzi walipenda bustani zake kuliko picha alizozithamini. Wala hatukatai kwamba katika nyingi ya picha hizo majani yamekatwa sawasawa, lakini mkataji haonekani. Hapo ndipo penye lawama ya haki: kosa si kuchora bustani, bali ni kumsahau mwenye jembe. Evelyn Dunbar, mchoraji aliyependa bustani, hakumsahau. Vita viliporejea, alichora wanawake wakijifunza kukamua ng'ombe na kuchambua viazi.

Basi, mwalimu, picha ya bustani ikiletwa darasani, usiulize kwanza kama ni ya kimapinduzi. Uliza: ni nani aliyeilima ardhi hii, na mchoraji alikuwa ameona nini kabla ya kuketi mbele yake?