Tunalipa volti 220, tunapewa 140

Bandugu vijana wa Kadutu, Ibanda na Bagira,

Kwenye karatasi, kura ya Kongo ni volti 220 na herzi 50. Chukueni multimetre ya fundi, mupime saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inawasha resho. Kwenye avenyu zetu mingi mutasoma 160, ao hata 140. Lakini faktire inakuja nzima, na mwenye hana kontere analipa forfe ileile, kura ikuwe ya kweli ao ya kuchungulia.

Kutoka 220 mpaka 140 si kupungua kidogo. Resho ya wati 1000 ikipata volti 140 inatoa karibu wati 400 tu, sababu nguvu inashuka haraka kuliko volti. Maharagi hayaivi, mama anarudia makala, na tunajua makala ya Bukavu inatoka pori gani. Frigo njo inateseka zaidi: mota inashindwa kuanza, inavuta kura mingi, inachemka mpaka inaungua. Chaja ya simu ao ya kompyuta inavumilia. Soma maandishi madogo mgongoni mwake: 100-240V, 50/60Hz. Hiyo inafanya kazi hapa, inafanya kazi Japani kwenye volti 100 na Marekani kwenye 120. Lakini blenda yenye shangazi alituma kutoka Kanada, imeandikwa 120V peke yake, usiichome kwenye prizi bila transfo ya kushusha. Batu banasemaka kwetu inatembea muzuri. Ndiyo, kwa 140 inatembea. Ngoja saa nane ya usiku, avenyu yote imelala, volti ipande 220: itapokea nguvu zaidi ya mara tatu.

Kibaya kuliko vyote ni ule waya mafundi wanaita netre. Kati ya fazi mbili kuna volti 380. Netre ikikatika kwenye nguzo, nyumba moja inaweza kupata 80 na jirani 300. Televizyo zinakufa pamoja, na disjontere ya kawaida haishtuki. Mwenye saluni, mwenye kufanya fotokopi, mwenye kuchaji simu za wengine, wote wanalala na kazi na kuamka bila kazi. Nani analipa? Mpaka leo hakuna mtu kwenye avenyu yetu amelipwa.

Banatuambiaka: nunueni stabilizatere. Tumenunua. Lakini stabilizatere haizalishi kura. Ili itoe ampere 5 kwa volti 220, wakati nje kuna 140, inabidi ivute karibu ampere 8 kwenye waya wa wote. Kila moja tunayoongeza inashusha volti ya jirani, naye anakimbia kununua yake, kubwa zaidi. Mwenye pesa anaona mwanga, mama wa chini ya kilima anabaki na 120. Sisi wenyewe tunanyang'anyana kura, na mwenye kutuuzia anatuangalia.

Jibu la «transfo imelemewa» tumelichoka. Transfo hailemewi peke yake: kila nyumba mpya iliyounganishwa, kuna mtu alipokea pesa na kusaini.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme na kuweka mamlaka ya kuidhibiti. Kwa ile mamlaka njo tutapeleka barua. Tunaomba vitu vitatu: volti ya jioni ipimwe na kutangazwa kwa kila kabini, forfe ipunguzwe pale volti haifiki, netre ikikatika, vyombo vilivyoungua vilipwe.

Barua bila hesabu wataitupa. Kwa hiyo, mwenye multimetre apime siku saba mfululizo, saa saba ya mchana na saa moja ya jioni, apige picha, aandike avenyu na tarehe. Pima kwenye prizi tu, usipande nguzo. Mwenye hana multimetre aombe kwa fundi wa redio wa karibu.