Kitita cha mwanasiasa na sarafu za jumuiya

UAMUZI wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi kuzikataa fedha za Rais William Ruto mnamo Novemba 2024 umekwisha kuchambuliwa kwa mapana, ila karibu kila mara umetazamwa kutoka Ikulu au kutoka makao ya askofu. Sisi wa vyumba vya habari, nikiri, tuliuripoti kama mechi ya kandanda: nani kamfunga nani. Aliyesahaulika ni muumini wa kawaida, yule ambaye nyumba ya padri isipojengwa kwa fedha za Rais, itamlazimu aijenge yeye.

Tukumbushane kisa chenyewe. Jumapili ya Novemba 17, Rais alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, eneo la Embakasi, Nairobi. Alitoa Sh2 milioni za ujenzi wa nyumba ya padri na Sh600,000 za kwaya na baraza la parokia. Aidha, aliahidi Sh3 milioni zaidi pamoja na basi. Gavana Johnson Sakaja naye aliwatunza wanakwaya Sh200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba zilizotolewa zingerudishwa na zilizoahidiwa hazitapokewa. Kanisa, alieleza, halifai kutumiwa kujitafutia umaarufu wa kisiasa. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa taarifa kali wakiishutumu serikali, miongoni mwa mambo mengine, kwa utamaduni wa uongo.

Kinaya ni kwamba Rais mwenyewe, mnamo Julai 5 mwaka uo huo, alikuwa amewapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Marufuku hayo yalitokana na shinikizo la vijana walioandamana mwezi wa Juni, ambao pamoja na kuupinga Mswada wa Fedha, waliyanyoshea makanisa kidole kwa kuwapa wanasiasa madhabahu. Haikupita hata miezi mitano.

Basi tuyaache ya Ikulu, tuingie parokiani.

Asiyekuwa Mkatoliki huenda akadhani parokia ni jengo na padri wake. La hasha. Parokia moja huwa na vigango kadhaa, na chini ya vigango mna jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, kila moja ikiwa imepewa jina la mtakatifu wake. Familia kumi na tano hivi, pengine thelathini, hukutana mara moja kwa wiki katika nyumba ya mmoja wao, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Viti vya plastiki huazimwa kwa jirani. Injili ya Jumapili inayofuata husomwa, watu wakaitafakari, kisha zikafuata habari za mtaani: nani kalazwa, nani kafiwa, mtoto wa nani karudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwishoni bahasha au kikapu huzungushwa.

Mpango huu haukuzuka wenyewe. Mnamo 1973 maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani, chini ya shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi na kuamua kwamba maisha ya Kanisa lazima yajengwe juu ya jumuiya ambamo watu wanajuana kwa majina. Walilirejelea suala hilo katika mkutano mwingine, Nairobi pia, mnamo 1976. Haja ilikuwa wazi. Wamishonari wa kigeni walikuwa wakipungua, na pamoja nao misaada iliyokuwa imejenga makanisa, shule na zahanati. Kanisa lililozoea kulishwa kutoka ng'ambo lilitakiwa lijifunze kujilisha.

Kwa hiyo jumuiya ilizaliwa ikiwa na majukumu mawili kwa pamoja: iwe mahali pa imani na iwe nguzo ya kujitegemea. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Nairobi mnamo Septemba 1995 kuwasilisha matunda ya Sinodi ya Afrika, picha ya Kanisa aliyokuja nayo ni ile ya Familia ya Mungu. Wakenya waliielewa bila kufafanuliwa. Jumuiya zao zilikuwa zinazika watu wao kitambo.

Na tuseme ukweli kuhusu mazishi. Katika mitaa kama Kayole, Dandora au Mathare, ambako wengi ni wapangaji waliotoka mbali na kwao, mtu akifa usiku jamaa wa damu huenda wapo Busia au Kitui. Wanaofika kwanza ni jumuiya. Ndio wanaokaa na mjane, wanaochanga nauli ya basi la msiba, wanaokwenda mochari. Hakuna mwanasiasa anayejua jina la huyo marehemu, isipokuwa uchaguzi uwe umekaribia.

Hapa ndipo penye uzito wa fedha za Soweto. Sh50 inayotiwa kikapuni na mama muuza mboga ina sifa moja ambayo Sh2 milioni za mkubwa hazina: aliyeitoa atauliza imekwenda wapi. Ataulizia katika jumuiya, mwenyekiti wake ataulizia katika kigango, na baraza la parokia litalazimika kujibu. Kitita kikishuka kutoka jukwaani mbele ya kamera, nani aulize? Hakuna anayehoji bei ya mabati ya mtu aliyeyanunua kwa fedha zake. Wala hakuna anayehoji fedha hizo zilikotoka, na hilo ndilo swali ambalo kanisa, kuliko taasisi nyingine yoyote, lingepaswa kuwa la kwanza kuliuliza.

Kinachochoma zaidi ni kwamba jumuiya hizi zimefunzwa kuuliza. Kila Kwaresima, Tume ya Haki na Amani ya maaskofu husambaza kijitabu chenye visa vya kujadiliwa wiki baada ya wiki: ufisadi, ardhi, uchaguzi, ajira za vijana. Mbinu yake ni ya hatua tatu, yaani kuona, kuamua na kutenda. Waumini wamekaa kwenye viti vile vya kuazima miaka nenda miaka rudi wakijadili namna hongo inavyoua nchi. Halafu Jumapili fulani wakaambiwa wasimame wampigie makofi mgeni aliyekuja na mfuko. Mtu anayeyasikia yote mawili katika kanisa lilo hilo ataamini lipi?

Wapo watakaosema kwamba fedha hazina dhambi, na kwamba kanisa maskini halina anasa ya kuchagua mkono unaolisaidia. Hoja hii si ya kupuuzwa. Harambee ilijenga shule na hospitali za nchi hii tangu uhuru, na viongozi walitoa pamoja na raia. Isitoshe, si makanisa yote yaliyofuata mkondo wa Askofu Anyolo. Mnamo Machi 2025 Rais aliahidi Sh20 milioni kwa kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana huko. Lakini harambee ya zamani, ile iliyostahili jina lake, kila mtu alileta alichonacho na jina lake likasomwa, hata aliyeleta kuku. Hii ya siku hizi ina mtoaji mmoja na umati wa watazamaji.

Hata hivyo, ninaomba nisieleweke vibaya. Kurudisha fedha za mwanasiasa ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu inaangukia jumuiya. Nyumba ya padri bado inatakiwa. Parokia ikishafunga mlango wa mbele kwa wakubwa, kishawishi kitakuwa ni kuzikamua jumuiya: kila familia kiasi fulani, kila jumuiya lengo lake, majina ya waliochelewa yasomwe. Yeyote aliyeishi katika parokia za mijini anayajua haya. Kuna kadi ya zaka, kuna mchango wa ujenzi, kuna sikukuu ya msimamizi wa parokia, kuna gari la padri, kuna zawadi ya kumuaga padri anayehamishwa na ya kumkaribisha anayekuja. Mkutano uliokuwa wa Injili unageuka ofisi ya kukusanya ushuru.

Na maskini, ambaye jumuiya iliundwa kwa ajili yake, huwa wa kwanza kuikimbia. Haondoki kwa kukosa imani. Anaona haya. Akikosa kuhudhuria kwa miezi, siku atakapohitaji barua ya jumuiya ili mtoto abatizwe, au atakapofiwa, ataambiwa hajulikani. Nimesikia malalamiko ya aina hii mara nyingi mno kuyachukulia kuwa uvumi.

Sheria ya Kanisa yenyewe, ile ya 1983, haina utata katika hili. Kanuni ya 848 inamtaka mhudumu ahakikishe maskini hawanyimwi sakramenti kwa sababu ya ufukara wao, na ile ya 1181 inataka wasinyimwe mazishi ya heshima. Kanuni ya 537 inaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha. Ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali kutoa hesabu kwa waumini kuhusu kile ambacho waumini wametoa. Mambo haya hayakubuniwa na wanaharakati. Yamo vitabuni kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo maaskofu wanapodaiwa jibu. Waliposema hapana kwa Rais waliwaambia Wakenya kwamba anayetoa fedha asinunue sauti ya Kanisa. Vyema. Sasa wale watoao Sh50, je, sauti yao inasikika? Zipo parokia ambazo hubandika mapato na matumizi mlangoni au kuyasoma baada ya misa, na hongera kwao. Nyingine muumini husikia tu jumla ya sadaka ya Jumapili iliyopita, kisha tangazo la mchango mpya.

Pengine ianzwe na hiyo hiyo nyumba ya padri, popote pale itakapojengwa. Kabla ya bahasha ya kwanza kugawanywa, mchoro na makadirio ya gharama yapelekwe katika kila jumuiya, watu wauone ukubwa wa nyumba, waulize kama vyumba vyote hivyo vina kazi, na waruhusiwe kusema kwamba mwaka huu hawawezi, wajenge viwili kwanza.