MAMA LISHE NAYE ANANUNUA

Ndugu wanakijiji,

Watu wananung'unika kuwa chapati za mama lishe zimekuwa ndogo. Ni kweli. Lakini tujiulize, nani kazipunguza?

Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei kwa sababu ya vita vya Ukraine, na Indonesia nayo ikazuia mawese yake kwa muda. Mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika, maana mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa. Siku zote hizo mama lishe alinunua kwa hela mkononi. Sisi tulikula kwa daftari: "Andika, nitalipa tukiuza mazao." Mazao yakiuzwa, mtu anapita njia ya nyuma!

Bei inamwumiza, lakini daftari ndilo linamfungia mlango. Sahani kumi zisizolipwa ni mtaji wa kesho umekwenda.

Mimi nasema hivi. Kwanza, aliyepata malipo ya mazao alipe deni lake la chakula. Pili, ushirika ununue mafuta na unga kwa jumla, uwauzie mama lishe wetu bila kuwalangua. Wakifunga, wapakiaji wa ghala na walimu wageni watakula wapi?

Asiyelipa asipime chapati.

Katibu wa Tawi