Si kodi ya nyumba, ni kodi ya malaria!

Wiki hii kijiwe chetu cha kahawa, Ngamiani, kilinicheka mpaka vikombe vikamwagika. Nilitamka tu kwamba nataka kusomea kazi ya kuweka kodi hospitalini. Mzee mmoja akadakia, "Weye mwana, wagonjwa nao wameanza kulipa pango?"

Siyo kodi hiyo, jamani! Ninayosema ni alama fupi ya herufi na tarakimu inayosimama badala ya jina la ugonjwa. Daktari akiandika malaria bila kutaja aina, alama yake ni B54. Presha ya kupanda ni I10. Kisukari cha ukubwani, E11. Na sisi wa Tanga tumo: mwenye baiskeli akigongwa na gari anaingia V13, na nazi ikikudondokea kichwani, W20, kundi la waliopigwa na kitu kilichoanguka. Orodha hiyo inaitwa ICD-10, ni ya Shirika la Afya Duniani. Mzizi wake ni orodha ya visababishi vya vifo aliyoipeleka Mfaransa Jacques Bertillon kule Chicago mwaka 1893. Toleo jipya, ICD-11, lilianza rasmi Januari 2022, na nchi zinahamia taratibu.

Utaniuliza, kijana mzima unafuata nini huko? Nisikilize. Mama mdogo wangu ni mwalimu, ana kisukari na ana kadi ya bima. Mwaka jana, kwenye hospitali moja ambayo siitaji, mtu aliandika alama ya ugonjwa mwingine kabisa. Dirishani akaambiwa dawa za sukari haziendani na ugonjwa ulioandikwa. Ilikuwa Ijumaa jioni, daktari keshaondoka. Mama wa watu akachomoa hela ya karo ya mwanawe akanunue dawa dukani. Jumatatu kosa lilisahihishwa kwa dakika mbili. Dakika mbili tu! Lakini karo ndo ilishakwenda, na mtoto akarudishwa nyumbani.

Sasa tuambiane ukweli, maana vijana kwa kudanganyana hatujambo. Kwetu ni nadra kukuta mlango ulioandikwa "Mweka Kodi". Kazi hii imo ndani ya kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa, pamoja na mafaili, vitabu vya MTUHA, kompyuta na fomu za bima. Njia yake ni cheti au stashahada ya kumbukumbu na taarifa za afya. Ukitoka form four, tafuta mwongozo wa NACTVET, hakikisha chuo kimesajiliwa, usome sifa ndipo utoe hela. Baiolojia usiidharau, Kiingereza ndo usiseme. Na uwe na macho ya kusoma mwandiko wa daktari!

Kuna wanaoota dola za Marekani. Kweli, hospitali za kule zinafanyiwa kazi hii hata na watu walioko India na Ufilipino, na cheti kinachotambulika ni CPC cha AAPC. Lakini kule wana orodha zao, nene kuliko hii yetu, na mtihani ni mtihani. Akitokea mtu kukuahidi cheti cha wiki mbili na ajira juu yake, kimbia bila kuaga. Halafu kompyuta nazo zimeanza kupendekeza alama zenyewe, kwa hiyo atakayebaki ni yule anayejua kuzikosoa.

Mimi bado nina imani. Mfuko wa NHIF ulianza mwaka 2001 na watumishi wa serikali. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kadi zikizidi, fomu zitazidi, na makosa pia.

Nilipomaliza kueleza, yule mzee akatoa karatasi mfukoni. "Hebu nisomee, hapa wameandika I10."

"Presha hiyo, mzee wangu."

"Lo! Mie nilidhani namba ya kitanda."

Safari hii hakucheka mtu. Wiki ijayo, Mungu akipenda.